Kikombe Chenye Nukta ya Hina

Mwari aliyekwisha kuwekwa ndani hatakiwi kuchungulia madirishani, na Khairat alikuwa akichungulia. Mwili wote ulinukia msio wa kusugulia mwari, nywele zimefungwa kwa kanga kuukuu, uso umepakwa rojo la liwa likakauka mpaka akikunja kipaji linapasuka. Harusi ilikuwa Ijumaa. Alhamisi bwana harusi anyolewe. Na asubuhi ile ya Jumamosi, kwenye baraza ya nyumba ya baba yake pale Ole, Pemba, wanaume wanne walikuwa wamekaa mikekani, taulo shingoni, kila mmoja na kioo chake, wakisubiri maji ya moto ili waichague sabuni ya kumnyolea mume wake.

Mmoja wa wanne hao alikuwa ndiye huyo mume. Mwingine alikuwa Jabir, ambaye Khairat akimwona tu mate yanamkauka mdomoni.

Huenda ukashangaa watu wazima kukusanyika kila Jumamosi kunyoa ndevu ambazo wangeweza kunyoa majumbani mwao. Hata mtaa ulishangaa mwanzoni, ukacheka, kisha ukachoka kucheka. Mzee Nassor, baba yake Khairat, alifanya kazi ya kukagua karafuu mpaka akastaafu, na alipostaafu pua yake ikakosa shughuli. Ndipo alipoitoa kabatini brashi ya kunyolea ya marehemu baba yake, yenye mpini wa mpingo, akatangaza kwamba povu la kopo ni la watu wavivu na kwamba sabuni ya ndevu ni elimu. Wenzake walidhani ni utani. Muda si muda walikuwa wanagombania nafasi mkekani.

Baraza lile lilikuwa na kanuni zake. Sabuni zote hukandikwa ndani ya vikombe vyeupe vinavyofanana, hakuna jina wala alama, na kila mtu huchukua kilichomkabili. Analikoroga povu kwa brashi, anapaka shavu la kushoto, ananyoa, kisha anasema kweli tupu: povu lilikuwa zito au la maji, wembe uliteleza au ulikwaruza, harufu ilikaa au ilikimbia, ngozi ilibaki vipi. Baada ya hapo kikombe huhamia kwa mtu wa kulia, kwa shavu la pili, ili wafananishe. Aliyedanganya juu ya kikombe hana nafasi tena barazani. Mzee Nassor aliwahi kumfukuza hata shemeji yake mwenyewe kwa kuisifu sabuni mbovu kwa ajili ya adabu, na mpaka leo shemeji huyo anapita njia ya nyuma.

Siku hiyo vikombe vilikuwa vinne. Mzee Nassor mwenyewe, kofia imewekwa pembeni. Kulia kwake mwalimu Linus, mtu wa Bukoba anayesomesha hesabu, ambaye huagiza sabuni za nje kwa posta na kuzificha mkewe asijue. Kisha Jabir, bwana mifugo, kijana wa Fundo. Na kulia kwa Jabir, Ame. Ame hakuwa mwana wa baraza. Alikuwa na duka lake Chake Chake na alinyoa kwa mashine ya umeme, hata leo alikuja nayo akaiweka mkekani, lakini Mzee Nassor alisema mtu hawezi kuchaguliwa sabuni ya harusi yake kama maiti, lazima aje mwenyewe.

Lililokuwa likimtesa Khairat ni refu kulisimulia, lakini nitalifupisha. Yeye ni fundi wa sabuni katika kikundi cha kina mama, na Jabir ndiye aliyekuwa akiwaletea shahamu ya ng'ombe kutoka machinjioni. Siku ya kwanza Khairat aliirudisha, akasema inanuka. Jabir hakukasirika. Alirudi na nyingine safi, nyeupe, akaomba sabuni ikiiva apewe kipande akijaribu. Khairat akampa. Usiku akapokea ujumbe wa sauti mrefu kupita kiasi, habari ya povu tupu, mtu mzima anaeleza jinsi wembe ulivyopita shavuni kama anasimulia safari ya Makka. Khairat alicheka peke yake mpaka akajiziba kwa mto. Kutoka povu wakaenda kwenye mengine. Hakuwahi kuligusa shavu la Jabir hata siku moja, lakini alilijua. Alijua kwamba chini ya taya la kushoto ndevu zinaota kinyume na huwasha zikinyolewa kavu, na kwa ajili ya mahali hapo padogo alikuwa akiongeza mafuta ya nyonyo katika kila sabuni aliyopika, na kina mama wenzake hawakujua kwa nini.

Jabir alipoleta posa, Mzee Nassor alimkaribisha kahawa, akamheshimu, akamkatalia. Marehemu kaka yake, baba yake Ame, alikuwa amemwomba kitandani, pumzi za mwisho, kwamba watoto hawa wawili waoane ili udugu usipotee. Naye alikubali akiwa ameushika mkono wa mtu anayekufa. Angeikanaje ahadi hiyo?

Kisha akasimama kwenye mlango wa chumba cha Khairat, akamuuliza kama anamridhia Ame. Khairat alitaka kusema. Maneno yalimfika kooni yakakwama, machozi yakamtangulia, akainamisha kichwa. Na wote tunajua mwari akiulizwa akanyamaza huhesabiwaje. Mzee alitoka akawaambia watu kwamba mtoto karidhia, na vifijo vikapigwa pale pale.

Tangu siku ile Khairat alikuwa mtu wa kutapatapa. Hakulala, hakula, na akili iliyochoka humletea mtu mawazo ambayo angeyaona kwa mwingine angemcheka. Alijua sabuni yake ndiyo itakayoshinda barazani, maana ndiyo iliyokuwa ikishinda siku zote. Alijua kikombe kitakachoshinda kitawekwa ndani ya nyumba mpaka Alhamisi. Basi akapika ya pili, rangi ile ile, karafuu ile ile na maua ya langilangi yale yale, ila kostiki, ile dawa kali ya kugandishia sabuni, akaizidisha kwa kisirani, na hakuiacha ikomae. Sabuni ya namna hiyo ikikaa usoni inaunguza. Alhamisi angebadilisha vikombe. Bwana harusi aliyebabuka uso hakalishwi mbele ya watu, harusi ingeahirishwa, na baada ya hapo Khairat hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu Ijumaa isifike. Kikombe kile akakificha kabatini kati ya mashuka, na ili asije akakichanganya mwenyewe, akakitia nukta ya hina chini ya kitako.

Sasa, aliposikia birika linapelekwa barazani, alifungua kabati kuhakikisha tu. Aliingiza mkono kati ya mashuka. Akayatoa mashuka yote, moja moja, akayatupa kitandani. Kikombe hakikuwepo.

Bi Mwatum aliingia wakati huo huo na sinia tupu mkononi. Yeye ni mjane wa yule marehemu kaka, mama yake Ame, na alikuwa amehamia pale kumsimamia mwari. Tangu juzi alikuwa amemnyang'anya Khairat simu, akaifunga kwenye pindo la kanga yake mwenyewe.

"Bi Mwatum, kulikuwa na kikombe humu."

"Nshakitoa. Watu wanne, vikombe vitatu, nikasema huyu mtoto harusi imempoteza akili, kimoja kakisahau kwenye nguo." Akaanza kukunja mashuka. "Sabuni kabatini, mwanangu. Mashuka ya harusi yatanuka karafuu mwaka mzima."

"Kile si cha kutumia."

"Kwani kina nini?"

Khairat alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba nimempikia mwanao moto? "Hakijakomaa," akasema.

Bi Mwatum alimwambia aache kujitaabisha, kazi ya kujua kilichokomaa na kisichokomaa ni ya wazee wale pale nje, ndiyo starehe yao. Akamshika bega, akamkalisha kitandani kwa upole wa mtu ambaye hatanii, akatoka kwenda kupepeta mchele uani.

Khairat alirudi dirishani mbio, akalisogeza pazia kwa kidole kimoja. Wanaume walikuwa wamekwisha kuchukua vikombe. Wakati huo Jabir alikinyanyua cha kwake akakitazama kwenye mwanga, kama ilivyokuwa desturi yake, na Khairat akakiona kitako cheupe, na katikati yake nukta nyekundu.

Akashika nondo za dirisha. Angepiga kelele, ingejulikana. Angenyamaza, shavu lile angelichoma kwa mkono wake mwenyewe, lile la taya la kushoto, lile la mafuta ya nyonyo. Na likimalizika shavu la Jabir, kikombe kingehamia kulia, kwa Ame, mbele ya macho ya kila mtu. Aliomba Mungu brashi ianguke. Aliomba mvua. Jabir akalikoroga povu taratibu, likaumuka zuri, jeupe, akalinusa kwanza.

Hapo akatabasamu kidogo. Alikuwa amemtambua mpishi. Kati ya sabuni mia angeitambua ile harufu, na leo, wiki ya kumkosa, alikuwa ameipata mkononi kwa bahati. Akafumba macho akalipaka shavuni pote, akashuka mpaka chini ya taya.

Macho yakafumbuka.

Khairat aliona mkono unasimama. Aliona shingo inakaza, na mshipa wa kipajini unatoka. Jabir alikitazama kikombe kwa muda. Kisha akakiinamisha kama anayechungulia povu, akaiona nukta ya hina. Akamtazama Ame, aliyekuwa anahangaika na brashi kama mtu anayepaka rangi ukuta. Akatazama pazia.

Hakuweza kumwona, pazia lilikuwa zito. Lakini Khairat alijua kwamba amekwisha kuelewa kila kitu, kwa kuwa Jabir akauchukua wembe, akaanza kunyoa.

Alinyoa polepole kama kawaida yake, hakuruka hata mahali. Jicho la kushoto lilimwaga machozi, akalifuta kwa bega. Khairat aliuma ukingo wa kanga mpaka akasikia ladha ya chumvi. Moyoni alikuwa akimwambia liondoe, Jabir, liondoe, osha uso, niseme mie, na mdomo wake ulikuwa umefumba vile vile kama siku ile mlangoni.

Ulipofika wakati wa kusema, Linus ndiye aliyeanza. Alieleza kwamba cha kwake povu lilikuwa la kuridhisha ila harufu ilikimbia kabla wembe haujafika kidevuni, na kwamba ni wazi si ile aliyoiagiza yeye kwa posta. Mzee Nassor akamwambia ndiyo hiyo hiyo, kaichangia mwenyewe, pesa imekwenda na maji. Wakacheka wote isipokuwa Jabir. Ame akasema ya kwake nzuri, inateleza, basi. Mzee akaguna, akageuka.

"Jabir?"

"Nzuri, mzee."

"Nzuri vipi?"

"Povu zito. Wembe umepita."

Mzee Nassor alisubiri. "Siku zote weye tunakubembeleza unyamaze. Leo maneno mawili?"

"Ndiyo yaliyopo." Jabir alikuwa amelibana shavu kwa taulo kavu. "Nna ombi. Leo niachieni hichi hichi kwa shavu la pili. Nataka kukijua vizuri."

Linus alicheka, akasema kanuni ni kanuni. Ame alikuwa amekwisha kuunyosha mkono. "Nipe, yakhe. Kama ni nzuri hivyo ndiyo yangu ya Alhamisi."

Jabir hakumpa. Alikivuta kikombe kifuani akakishika kwa mikono miwili.

Ame aliubakisha mkono hewani. Habari ya posa ile alikuwa ameisikia, nani Pemba asiyesikia habari ya posa? Akasema kwa sauti ndogo, bila ugomvi, "Hata sabuni hutaki kuniachia?"

Jabir aliinamisha macho. "Si hivyo, Ame. Wallahi si hivyo."

"Lete huku," akasema Mzee Nassor.

Kumnyima Ame Jabir aliweza, kumnyima mzee hakuweza. Mzee Nassor alikipokea kikombe, akakinusa, akagusa sabuni kwa kidole, akakipeleka kidole kwenye ncha ya ulimi. Ndivyo alivyokuwa akifanya tangu enzi za karafuu, haamini mpaka aonje. Mara uso ukamkunjamana, akatema mate nje ya baraza, akatema tena.

"Linus, mimina maji kwenye shavu la huyu mtu. Mengi, ya baridi. Usisugue."

Taulo lilipoondolewa Khairat aliliona. Lilikuwa limewiva kutoka chini ya jicho hadi shingoni, na chini ya taya ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka. Linus alimimina mtungi mzima, huku akisema mama yangu wee, mama yangu wee. Mzee Nassor alikigeuza kikombe. Akaitazama nukta kwa muda mrefu. Ndani ya nyumba yake wiki hiyo mwenye hina alikuwa mmoja tu.

Khairat hakumbuki kuupita mlango. Alijikuta barazani mbele za wanaume, liwa usoni, kanga kichwani, miguu mitupu, na nyuma yake Bi Mwatum anakuja mbio, anamwita kwa jina, anamwambia arudi ndani, mwari wa wiki ya harusi anatokaje namna ile, anataka kuua watu kwa aibu.

"Nimeipika mie, baba."

Mzee Nassor hakunyanyua sauti. "Ulikosea kipimo?"

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Kila mtu aliuona. Angesema ndiyo, nilikosea, ningali na mawazo ya harusi, na yangekwisha, wangecheka, sabuni nyingine ingechaguliwa, na Ijumaa ingefika. Alimtazama Jabir. Maji yalikuwa yakimchuruzika shingoni mpaka ndani ya shati, naye anamwashiria kwa kichwa kidogo sana, amjibu mzee ndiyo, ajiokoe.

"Sikukosea."

"Ilikuwa ya nani?"

Aliyejibu ni Ame, ambaye alikuwa ameanza kujifuta povu, shavu moja safi na moja bado. "Ya kwangu, ami. Uso ulikuwa wangu." Akaliweka taulo chini, akalikunja. "Ungeniambia tu, Khairat. Mie si kiziwi."

Laiti angemtukana. Khairat alijibanza kwenye nguzo ya baraza, akalia bila kujificha, liwa ikageuka tope usoni. Alimwomba msamaha, Ame akaitika kwa kichwa bila kumtazama.

Bi Mwatum ndiye aliyekuwa na maneno, na alikuwa na haki nayo. Alisema mengi. Mchele unapepetwa, ng'ombe kanunuliwa, watu wa Chokocho washaalikwa, na marehemu mumewe huko aliko anasikia jinsi mwanawe alivyopikiwa sumu na bibi harusi wake. Mwisho akasimama mbele ya Khairat. "Uliulizwa. Baba yako alisimama mlangoni akakuuliza, nami nilikuwepo. Ukanyamaza. Nani alikuziba mdomo?"

Ilikuwa kweli, hakuna aliyemziba.

Mzee Nassor alikuwa amemgeukia Jabir. "Na weye umedanganya juu ya kikombe."

"Nimedanganya, mzee."

"Ilikuunguza?"

"Tangu ilipogusa."

"Na ukanyoa."

"Nikanyoa. Ningesema, ungeuliza nani kaipika."

"Nami nilikuwa hapa, nakutazama," Mzee akasema, kama anayejiambia mwenyewe. "Machozi yanakutoka, mie naona. Nikadhani ni sabuni imeingia jichoni." Alikiweka kikombe mkekani. "Huyu mtoto naye alikuwa analia siku ile mlangoni. Niliona. Nikatoka nikawaambia watu karidhia."

Bi Mwatum akaanza kusema kitu, Mzee akamwomba kwa kiganja angoje.

"Khairat. Nakuuliza tena, mbele ya Ame mwenyewe na mbele ya mama yake. Na leo sipokei kimya."

Maneno yalikwama pale pale yalipokwama siku zote. Akatazama shavu la Jabir, akayasukuma.

"Ame ni ndugu yangu, na nimemkosea kosa kubwa. Lakini simtaki kwa ndoa. Hata siku ile nilikuwa simtaki."

Ndiyo hayo tu, na aliyasema kwa sauti ndogo hata Linus akainama ili asikie. Mzee Nassor alivuta pumzi akaiachia. Akasema ahadi kwa marehemu aliitoa yeye na ataibeba yeye, siku ya kuulizwa ataulizwa yeye, si mtoto. Akamgeukia Bi Mwatum, shemeji yake, akamwomba radhi, mzee mzima, kichwa wazi, ndevu nusu. Bi Mwatum hakuipokea. Alifungua pindo la kanga, akaitoa simu ya Khairat, akaiweka juu ya mkeka taratibu kama kitu cha kuvunjika. Kisha akasema asiitwe tena shemeji katika nyumba hii, wala asiitwe kwenye msiba. Ame alimshika mkono mamake wakaondoka. Alipofika njiani alisimama, akarudi, akaichukua mashine yake ya kunyolea ya umeme aliyoisahau, akaenda zake. Mchele ulibaki uani kwenye ungo, na kuku wakaanza kuukaribia.

Jabir alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Shavu moja limeungua, shavu moja na ndevu zake za wiki, shati limelowa. Mzee Nassor akamwambia alichokuwa anakijua: nafasi barazani hana tena, aliyedanganya juu ya kikombe ni aliyedanganya. Linus akaanza kumtetea, akasema hata hesabu zina kukadiria, Mzee akamtazama, Linus akakishika tena kioo chake.

"Nimefahamu," Jabir akasema. Alimtazama Khairat mara moja, na ilikuwa kama mara ya kwanza kuonana bila simu wala pazia wala madebe ya shahamu katikati yao, Jabir na uso uliobabuka, Khairat na uso wa tope. Jabir akatoa salamu, akashuka barazani.

Khairat aliona anakwenda. Harusi imevunjika, udugu umevunjika, na mtu anakwenda vile vile. Ijumaa haitakuja, na Jumamosi nyingine hakuna. Alitamani kumwita, akaona leo amekwisha kusema yote aliyokuwa nayo.

Aliyeita ni Mzee Nassor, bila kugeuza uso, akijifanya anakausha brashi yake.

"Jabir."

"Naam, mzee."

"Hilo shavu likipona, unyoe na la pili. Mtu haji kuposa kwangu na nusu uso."

Jabir alisimama katikati ya njia. Linus alijiziba mdomo kwa taulo.

"Usinifurahie. Sijakupa mtu," Mzee akaendelea. "Na huji mpaka Bi Mwatum anisamehe. Siwezi kuvunja nyumba ya ndugu yangu asubuhi nikafungisha nikaha jioni."

"Na asiposamehe?"

"Basi fuga ndevu."

Khairat alimjua Bi Mwatum. Mtaa mzima ulimjua. Kuna jirani hajasalimiana naye tangu Khairat hajaanza chuo, kisa kuku. Alimtazama Jabir, ambaye hakujua kuishi siku mbili bila wembe, ambaye alikuwa anaweza kuongea habari ya povu mpaka mtu asinzie, akaona mkono wake unapanda kwenye lile shavu zima, unapapasa ndevu.

"Nitafuga, mzee," Jabir akasema. "Zinifike kifuani."

Akaenda. Brashi yake alikuwa ameisahau mkekani, bado ina povu lile. Khairat akaiokota, akaipeleka kisimani, akaiosha maji matupu mara nyingi mpaka hakuna kilichobaki cha kuwasha mtu, kisha akaitundika dirishani kwake, kichwa chini, ikauke.